Ritifaa Moja

Kwenye barabara ya Lang'ata, kabla hujafika makaburini,
fundi Musembi huchonga marumaru kwa bei ya herufi:
shilingi hamsini kila moja, nafasi tupu ni bure,
na nukta, husema, ni sadaka ya patasi.
Ritifaa ndiyo hatujawahi kuafikiana.
Yeye huiona mkwaruzo. Mimi huitoza nusu bei,
kwani mimi ndiye msomaji: karatasi hupita kwangu
kabla ya jiwe, na jiwe halina kifutio.

Nimeyaona mengi. Kuna kanisa la Kawangware lililotaka
ITS WELL kwa mchungaji wao.
Nikamwuliza mzee wa kanisa: kisima chake nani?
Akatazama viatu. Tukaongeza alama,
akalipa ishirini na tano.

Kipimo changu nilikitoa nyumbani, hakimo vitabuni.
Lisome neno kwa Kiswahili, polepole, kama unayepima unga.
Likikujibu -ake, -ako, -ao, hiyo ni mali; liache wazi.
Likikujibu ni, au u, kuna herufi imemezwa;
weka ritifaa palepale iliposhukia koo.
Kiingereza hakili kimyakimya:
kikimeza herufi, hutundika mfupa juu ya mstari.
Sisi hula tukapangusa mdomo. Mke wake akawa mkewe,
mwana wangu mwanangu, mwenzi wako mwenzio,
wala hapana alama ya jino popote.
Kwetu kumiliki na kufupisha ni tendo moja:
ukimpenda mtu, unafuta nafasi,
mnaandikwa neno moja.

Jumanne, mvua ya rasharasha, akaja Bwana Ong'ondo,
fundi wa friji, na ukurasa wa daftari la hesabu,
kila herufi ndani ya mraba wake:

ALOO
YOUR HOME

Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imeshashuka.
"Hapa, Bwana, pana kosa. Ulitaka kusema amefika nyumbani.
Tunaongeza herufi moja na ritifaa, sabini na tano,
marehemu asije akachekwa na wapita njia."

Hakukasirika. Alikunja mkono wa koti lililolowa.
"Nilimwahidi nyumba," alisema. "Miaka kumi na tisa.
Ploti ya Rongai ipo, msingi upo, nondo zimeota kutu
zimesimama kama watoto darasani wanaojua jibu.
Kila kodi ya Umoja ilipopanda, aliniuliza kwa upole:
Kwangu ni lini?
Sasa hili jiwe ndilo la kwanza nililomaliza kulipia.
Usimwambie amefika.
Mwambie ni kwake."

Nyuma ya pazia la gunia, patasi ya Musembi ilinyamaza.

Miaka yote nilidhani kazi yangu ni kujua.
Nikaandika kando ya wekundu wangu: iachwe.

Kisha nikaomba jina kamili, la kukaa juu ya tarehe.
Akanipa kitambulisho cha mkewe, kimepauka pembeni:
ALOO ONGONDO.
"Walisema ofisini mashine haina," akasema.
"Eti ni alama tu. Tukaishi hivyo, yeye na mimi,
kwenye foleni za hospitali tukiitwa jina la watu wengine,
tukiitika."

Hapa kipimo changu hakikuwa na la kusema.
Hapakuwa na mali, hapakuwa na herufi iliyomezwa,
ni pua tu, ule mlio wa ng'ombe na ng'ambo,
pumzi inayokataa kugonga.

Musembi akatoka, vumbi jeupe hadi kwenye kope,
akasoma karatasi akisogeza midomo,
akagusisha ncha ya patasi pale juu, baada ya g,
akanitazama mimi, si mteja.

"Hii," akasema, "usiihesabu."